Namna ya kuchukua tope la hori ili kipimo cha metali nzito kisikudanganye

Asubuhi ya bamvua, siku ambazo bahari hukupwa sana, kama saa nne, maji ya hori la Makupa (hori ni mkono wa bahari) yakiwa yamekupwa, teka tope mkononi ulitazame. Juu lina ngozi ya kahawia, nyembamba kama ukucha. Kwangua kwa kidole: chini yake ni jeusi tititi na linanuka yai viza. Ngozi ile na weusi ule ni matope mawili tofauti. Mtu akiyakoroga katika mfuko mmoja bila kuandika alichofanya, namba atakazorudishiwa na maabara hazitakuwa za tope lolote lililoko pale horini.

Mimi ni fundi wa maabara hapa Mombasa. Kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya maji: kuyachukua, kuyakausha, kuyasaga, kuyapima risasi, shaba, zinki, kadimiamu na wenzao. Nimekulia Mikindani, na mama yangu alitulea kwa tondo na chaza alizookota katika hori la Tudor. Kila mwaka wananijia wanafunzi wa vyuo na vijana wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, wakitaka kujua hori lao limechafuka kiasi gani. Wengi huja wamekwisha kulibeba tope lenyewe kwenye kopo la rangi. Huwa nawarudisha, na roho huniuma maana wametoka mbali na nauli imekwisha. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningewaambia kabla hawajaondoka kwao.

Kwanza, kwa nini tope na si maji. Maji ya hori huingia na kutoka mara mbili kwa siku, na chupa uliyojaza saa mbili si sawa na ya saa nane. Metali zikifika majini hazikai huko sana. Hujishika kwenye chembe laini za udongo, kwenye mabaki ya majani ya mikoko, kwenye kutu ya chuma na manganizi, kisha huzama nazo. Ndiyo maana kilo moja ya tope huweza kubeba metali mara elfu na zaidi kuliko lita moja ya maji yaliyo juu yake.

Makupa ni mahali pazuri pa kujifunzia hili kwa sababu pameumizwa kwa njia inayoonekana kwa macho. Ni mkono wa maji unaounganisha hori la Tudor na Port Reitz. Tuta la barabara na reli liliukata katikati kwa miongo mingi, na maji yasiyotembea huangusha kila kitu yalichobeba. Kando yake ndipo lilipokuwa jaa la Kibarani: betri kuukuu, makopo ya rangi, vyuma, majivu ya taka zilizochomwa. Jaa limefungwa, na mwaka 2022 daraja la Makupa lilifunguliwa, maji yakapata njia tena. Tope la zamani lakini bado lipo. Na risasi si hadithi ya vitabuni kwetu. Majirani zetu wa Owino Uhuru waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuanzia 2007 hadi 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake walipigana mpaka mahakama ya mazingira ikaamuru, mwaka 2020, fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024 baada ya kutenguliwa katika rufaa.

Basi tuanze kazi.

Tengeneza swali kabla ya kushika kijiko. "Hori limechafuka?" si swali linalopimika. "Je, risasi katika sentimita 2 za juu inapungua kadiri ninavyokwenda mbali na jaa?" linapimika, na linakwambia papo hapo vituo viwe wapi: mstari unaoanzia jaani kwenda mdomoni mwa hori, pamoja na kituo kimoja au viwili mbali kabisa na mji, kwenye mikoko kama ile. Mimi hupenda Gazi au Mida kwa kulinganisha. Vibali visikupite: utafiti rasmi unataka kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu, na eneo la bandari lina wenyewe. Na hata ukiwa na karatasi zote, muone mwenyekiti wa BMU na wazee wa pale. Wao ndio wanaojua ni wapi meli kuukuu ilikatwa vyuma, ni wapi bomba la kiwanda lilikuwa likitokea usiku.

Hesabu mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na kwetu maji ya bamvua hukupwa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo unapata mwanga na muda. Siku za maji mafu ufuo wa tope haufunguki vya kutosha. Fika saa moja kabla ya maji kukupwa kabisa, na yakianza kurudi, toka. Tope la hori hushika mguu mpaka gotini na maji hayangoji. Buti za mpira hunasa. Vaa raba za turubai zilizofungwa kamba barabara, suruali ndefu na glavu, kwa sababu Makupa kuna vioo na sindano ndani ya tope. Usiende peke yako.

Vifaa havina gharama kubwa, ila sharti viwe safi kwa maana ya maabara. Vijiko vya plastiki, mifuko ya zipu, kasha la barafu kama la wachuuzi wa samaki, penseli, daftari, simu yenye GPS. Vijiko na vyombo vya plastiki vilowekwe usiku kucha katika asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha visuuzwe mara tatu kwa maji yaliyokenekwa ya maabara. Maji ya betri ya petroli stesheni hayafai kwa kazi hii. Asidi hiyo aishike anayeijua, akiwa na glavu na miwani. Usilete koleo lililopakwa rangi, wala sufuria, wala kijiko cha jikoni kilichochujuka. Pete na bangili vua.

Anza na kituo unachodhani ni kisafi zaidi, umalizie na kichafu, ili matone ya tope baya yasipande kwenye tope zuri. Ukifika, simama upande ambao hujakanyaga, chagua mahali ambapo kaa hawajachimba mashimo, maana kaa hugeuza tope juu chini. Kwa kijiko, chukua sentimita 2 za juu tu, kidogo kidogo, mpaka upate kama gramu 200. Rudia mara tatu kwa umbali wa mita chache, kila moja mfuko wake. Hizo tatu usizichanganye: tofauti kati yao ndiyo itakayokuonyesha kama tofauti kati ya vituo ina maana. Bana hewa yote itoke kabla ya kufunga zipu. Andika kwa penseli kwenye kikaratasi, kikaratasi ukitie katika kimfuko chake kidogo, kimfuko ukifunge nje ya mfuko wa tope. Wino wa kalamu nimeuona ukifutika kwa barafu iliyoyeyuka, mifuko arobaini ikabaki haina jina.

Kisha andika daftarini vitu ambavyo maabara haiwezi kuvijua: rangi, harufu, unene wa ile ngozi ya kahawia, aina ya mti uliopo (mkoko au mchu), mvua ilinyesha lini, na je, tope lilikuwa laini au na mchanga. Hili la mwisho lipime kwa vidole. Sugua tope kati ya kidole gumba na cha shahada. Likikwaruza, lina mchanga. Likiteleza kama sabuni na ukaweza kulikunja kamba nyembamba bila kukatika, ni udongo laini. Usilipite jambo hili haraka, nitalirudia.

Ukifanya kazi kwenye mashua unatumia bano la Van Veen, ile midomo miwili ya chuma inayofumba ikigusa chini. Likipanda likiwa halijafumba vizuri na maji yanavuja, mwaga urudie, kwa sababu ngozi ya juu imeshaoshwa. Likipanda zima, fungua kwa juu na uchote katikati, tope lililogusa chuma uliache.

Wanaotaka kujua historia wachukue mche, yaani nguzo ya tope iliyochomolewa wima, tope la zamani likiwa chini. Paipu ya PVC ya fundi bomba, inchi 2 au 3, urefu wa mita moja, ncha ya chini inolewe kwa tupa. Isukume taratibu, ijaze maji juu, izibe kwa kifuniko, ichomoe wima. Nyumbani isukume tope litoke na ulikate vipande vya sentimita 2, na kila kipande ukipare pembeni, maana kingo huburutwa na paipu na tope la juu hushuka nazo. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo katika mche mzuri ambao haujavurugwa unaweza kuikuta risasi ya magari ikiwa nyingi chini kidogo kuliko juu. Tarehe kamili za vipande zinahitaji kipimo cha risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho, ambayo hupungua nusu kila miaka 22 hivi. Ni ghali, na si lazima kwa swali la kwanza.

Sasa sehemu iliyoniumiza mimi mwenyewe.

Tope likifika hukaushwa. Kama unatafuta zebaki, joto lisizidi nyuzi 40, la sivyo zebaki inaruka hewani na utaandika kwamba haikuwepo. Kama unataka kujua metali zimefungwa vipi ndani ya tope, usikaushe kabisa, gandisha. Tazama lile tope jeusi likikauka mezani: baada ya siku moja limekuwa kahawia. Weusi ule ni salfaidi ya chuma, na salfaidi ndiyo iliyoshika risasi, kadimiamu na shaba zisitembee. Hewa ikiingia salfaidi huoza na zile metali hupata nafasi ya kutoka. Kinachotokea kwenye sahani yako ndicho kinachotokea tope la hori likichimbuliwa kupanua njia ya meli na kumwagwa mahali penye hewa. Kwa sababu hiyo mimi hushtuka nikisikia kikundi kimeamua "kusafisha" hori kwa majembe.

Likishakauka huchekechwa. Mwaka wangu wa pili kazini nilichekecha sampuli za msimu mzima kwa chekeche zuri linalong'aa nililolikuta kabatini. Shaba ikatoka juu, zinki ikatoka juu, katika kila kituo, hata kile cha mikoko ya mbali. Nilikaa na namba zile wiki mbili nikitafuta kiwanda cha kulaumu. Kisha nikaligeuza chekeche na kuona wavu wake ni wa shaba ya manjano, na shaba ya manjano ni shaba na zinki zilizoyeyushwa pamoja. Nilikuwa nimepima chekeche. Msimu ulikuwa umepita, masika yamekuja, na tope lile halikuweza kuchukuliwa tena. Tumia wavu wa nailoni. Kusaga, tumia kinu na mchi wa akiki, si wa chuma, na kioshwe kati ya sampuli na sampuli.

Chekeche lenyewe linatupeleka kwenye jambo kubwa. Metali hukaa kwenye chembe laini, zile zilizo ndogo kuliko mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Mchanga mweupe wa ufuoni ni maganda ya matumbawe na kwatzi, hauna pa kuishikia risasi. Tuseme tope la ndani ya hori lina zinki miligramu 150 kwa kilo, na mchanga wa mdomoni una 50. Mwanafunzi ataandika kwamba ndani kumechafuka mara tatu. Lakini tuseme pia amepima aluminiamu, ambayo ni kipimo cha udongo laini wenyewe, akapata asilimia 6 ndani na asilimia 2 mdomoni. Gawanya: 150 kwa 6 ni 25, na 50 kwa 2 ni 25. Hakuna tofauti yoyote ya uchafuzi. Alichopima ni wapi kuna tope na wapi kuna mchanga, jambo ambalo vidole vyake vilishamwambia bure. Kwa hiyo ama pima chembe zilizo chini ya mikroni 63 peke yake katika vituo vyote, ama pima aluminiamu na ugawanye. Ukikosa vyote viwili, usilinganishe vituo.

Maabara itayeyusha tope kwa asidi. Hiyo si kazi ya nyumbani. Wewe kazi yako ni kuuliza, na usione haya hata kama anayekujibu ana koti jeupe. Mmeyeyusha kwa asidi mseto ya nitriki na hidrokloriki, au mmeongeza hidrofloriki? Ya kwanza huacha sehemu ya metali iliyofungwa ndani ya mawe, ya pili huyeyusha karibu yote, na namba za njia moja hazilinganishwi na za nyingine. Mliweka chupa tupu isiyo na tope, ikapita hatua zote? Mlipima tope la marejeleo lenye thamani zinazojulikana, na mlipata asilimia ngapi ya thamani hiyo? Mimi hutaka kati ya 90 na 110. Je, namba ni za uzito mkavu? Kuna maabara niliyowahi kuilipa ikaniletea ukurasa mmoja wa namba bila chupa tupu wala marejeleo, na nilipouliza nikaambiwa mashine yao ni mpya. Mashine mpya haijibu swali hilo. Nilirudia kazi yote kwingine.

Namba zikifika, tulia. Watu wengi hutumia mipaka miwili iliyotengenezwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1995: chini ya ule wa kwanza madhara kwa wadudu na minyoo wa tope huonekana kwa nadra, juu ya ule wa pili huonekana mara nyingi. Kwa miligramu kwa kilo kavu, risasi ni 46.7 na 218, zinki 150 na 410, shaba 34 na 270, kadimiamu 1.2 na 9.6, zebaki 0.15 na 0.71. Ni mwongozo wa kutazamia tu. Haikutengenezwa kwa tope la mikoko ya Pwani, na haisemi lolote kuhusu afya ya mtu.

Ukitaka kujua ni kiasi gani kimeongezwa na binadamu, unahitaji kiwango cha asili. Kuna fomula ya Müller ya 1969: gawanya kipimo chako kwa kiwango cha asili mara 1.5, kisha tafuta logi ya msingi wa 2. Risasi 90, asili 20: 90 kwa 30 ni 3, logi yake ni karibu 1.6, daraja la uchafuzi wa wastani. Fomula ni nyepesi. Shida yote iko kwenye ile 20. Hiyo ni wastani wa miamba ya udongo duniani, nayo hutumiwa na kila mtu kwa sababu iko vitabuni. Lakini nyuma ya pwani yetu, kule Kinangoni na Vitengeni, kuna miamba yenye risasi yake ya asili. Ni bora uchukue kiwango cha asili kutoka sehemu ya chini kabisa ya mche wako mwenyewe, tope lililotuama kabla ya mji kukua. Na usikimbilie kiwanda kila ukiona zinki: mabati ya mapaa yetu na vumbi la matairi humwaga zinki kila mvua. Shaba ikipanda, tazama kama kuna mahali mashua hupakwa rangi ya kuzuia viumbe vya bahari visigande chini yake, rangi hiyo ina shaba.

Mzee mmoja mvuvi wa Tudor aliwahi kunisikiliza nikieleza haya yote, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, tule au tusile?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimepima tope na yeye hali tope. Tangu siku hiyo, kila ninapochukua tope katika hori wanamookota watu, nachukua na chaza, tondo na kaa wa pale pale, hupimwa nyama yao. Chaza wana mipaka yao: Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unaruhusu risasi miligramu 1.5 na kadimiamu 1.0 kwa kilo ya nyama mbichi ya chaza na jamii yake. Matokeo hupelekwa kwanza kwa kina mama wanaookota, kabla ya kwenda chuoni na kabla ya gazeti. Waelezwe wakiwa wamekaa, na apewe nafasi anayetaka kuuliza mara tatu.

Jambo la mwisho ni baki la tope. Ukishapima, usimwage. Tia gramu 50 kavu katika chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kusokota, andika kituo, tarehe, kina na mtu aliyechukua, weka mahali pakavu na giza. Rafu yangu ina chupa za Makupa za mwaka 2019, wakati tuta lingali limefunga maji. Daraja lilipofunguliwa, wengi walitaka kujua kama tope linabadilika, na hakuna awezaye kurudi kuchukua tope la wakati ule. Mimi huchukua chupa ya 2019 na tope la mwaka huu, nikayeyusha yote mawili siku moja, kwa asidi ile ile, kwenye mashine ile ile, chupa tupu katikati yao.